Pesa Isiyotajwa Jina: Mfuko wa Utetezi na Misaada, 1956–1991

*Historia fupi kwa kumbukumbu ya miaka 70 tangu kesi iliyouzaa Mfuko*

Desemba 1956: kesi isiyolipika

Kabla ya mapambazuko ya tarehe 5 Desemba 1956, polisi wa Afrika Kusini waligonga milango ya nyumba nchi nzima wakiwa na hati za kukamata watu kwa kosa la uhaini. Baada ya muda mfupi washtakiwa walifika 156: Waafrika 105, Wazungu 23, Wahindi 21 na Machotara 7. Chifu Albert Luthuli alikuwamo, Profesa Z. K. Matthews alikuwamo, na pia Walter Sisulu, Helen Joseph, na mawakili wawili wenye ofisi moja mjini Johannesburg, Oliver Tambo na Nelson Mandela. Adhabu ya uhaini ilikuwa kitanzi.

Hapakuwa na chumba cha mahakama cha kuwatosha, hivyo walipelekwa Drill Hall, ukumbi wa jeshi mjini Johannesburg. Humo walizungushiwa kizimba cha waya, ambacho kiliondolewa tu baada ya mawakili kutishia kususia shauri. Ilipofika zamu ya dhamana, mahakama ilipanga kiwango kwa rangi ya ngozi: Mzungu pauni 250, Mhindi pauni 100, Mwafrika na Chotara pauni 25. Wale walioshtakiwa kwa kutaka nchi isiyogawanywa kwa rangi waligawanywa tena hapo hapo, mbele ya hakimu.

Mawakili wazuri walikuwapo. Israel Maisels, Bram Fischer, Vernon Berrangé na Sydney Kentridge walikuwa miongoni mwa waliosimama upande wa utetezi, na wachache nchini wangeweza kushindana nao. Tatizo lilikuwa muda. Shauri la awali peke yake lilikula mwaka mzima na zaidi, kisha kesi yenyewe ikahamishiwa Pretoria, katika sinagogi la zamani lililogeuzwa mahakama. Washtakiwa waliokuwa wakiishi Johannesburg walipanda basi asubuhi na kurudi jioni, siku baada ya siku, huku waliotoka Durban na Cape Town wakiishi mbali na familia zao. Nani angemlipa mwalimu, fundi au karani aliyekuwa mahakamani tangu Jumatatu hadi Ijumaa? Serikali haikulazimika kushinda kesi ili iwaadhibu watu hawa. Kuwaweka kizimbani miaka minne kulitosha kuzivunja nyumba zao.

Haja iliyouzaa Mfuko ilikuwa hiyo, na ilikuwa na pande mbili tangu mwanzo: ada ya wakili, na unga wa familia ya mshtakiwa.

1946–1961: Kanoni wa London

Aliyeipokea haja hiyo alikuwa kasisi wa Kianglikana mjini London, Kanoni John Collins wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Alizaliwa mwaka 1905, akahudumu kama kasisi wa jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1946 akaanzisha chama cha Christian Action, kilichodai kwamba imani isiyoingia katika siasa na mikate ya watu ni nusu imani. Alikuwa mtu wa kelele za hadharani; mwaka 1958 alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa kampeni ya Waingereza ya kupinga silaha za nyuklia. Hilo ni la kukumbukwa, kwa sababu kazi kubwa kuliko zote aliyoifanya maishani ilimtaka anyamaze.

Christian Action ilikuwa imeshaigusa Afrika Kusini tangu Kampeni ya Ukaidi ya mwaka 1952, pale zaidi ya watu 8,000 walipokubali kukamatwa kwa kuvunja sheria za ubaguzi kwa makusudi. Collins alichangisha fedha kwa ajili ya familia zao. Habari za Desemba 1956 zilipomfikia, aliwasiliana na Askofu Ambrose Reeves wa Johannesburg akiahidi kwamba London itabeba mzigo wa fedha. Johannesburg nako iliundwa kamati ya mfuko wa utetezi wa kesi ya uhaini, ikiwa na Askofu Reeves, mwandishi Alan Paton na mbunge wa chama cha Labour Alex Hepple. Katibu wake wa mwanzo alikuwa Mary Benson, mwandishi.

Tarehe 29 Machi 1961 Jaji Rumpff, akiwa na wenzake Kennedy na Bekker, aliwaachia huru washtakiwa 30 wa mwisho. Upande wa mashtaka, baada ya miaka minne na miezi kadhaa na maelfu ya nyaraka, ulishindwa kuthibitisha kwamba chama cha ukombozi cha ANC kilikuwa na sera ya kuipindua serikali kwa nguvu. Kwa waliokuwa wamechangia fedha huo ulikuwa ushindi mkubwa. Kwa serikali ya Makaburu ulikuwa fundisho: sheria za kawaida zilimpa mshtakiwa nafasi kubwa mno.

1960–1964: sheria mpya, vitanzi vipya

Wakati kesi hiyo ikiendelea, tarehe 21 Machi 1960, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji wa kupinga pasi huko Sharpeville na kuua watu 69. Msomaji wa Kenya ambaye babu yake alivaa kipande shingoni hahitaji kuelezwa pasi ni nini. Hali ya hatari ilitangazwa, vyama vya ANC na PAC vikapigwa marufuku, na maelfu wakawekwa kizuizini. Katika miji mbalimbali ya Afrika Kusini ziliundwa kamati za Defence and Aid, yaani Utetezi na Misaada, zikishirikiana na London. Askofu Reeves mwenyewe alifukuzwa nchini mwaka huo huo.

Kisha zikaja sheria. Mwaka 1962 sheria ya hujuma iliweka adhabu kuanzia kifungo cha miaka mitano hadi kifo. Mwaka 1963 polisi walipewa uwezo wa kumshikilia mtu siku 90 bila mashtaka wala wakili. Mwaka 1965 zikawa siku 180. Kila sheria iliongeza idadi ya washtakiwa na kupunguza muda ambao wakili angeweza kumwona mteja wake kabla hajavunjwa.

Kesi ya Rivonia, dhidi ya Mandela na wenzake, ilikuwa mtihani wa kwanza wa Mfuko chini ya sheria hizo. Bram Fischer aliongoza utetezi akiwa na Vernon Berrangé, George Bizos na Arthur Chaskalson. Joel Joffe ndiye aliyekuwa wakili wa kuiandaa kesi. London ililipa. Tarehe 12 Juni 1964 Jaji Quartus de Wet aliwahukumu washtakiwa wanane kifungo cha maisha: Mandela, Sisulu, Govan Mbeki, Raymond Mhlaba, Ahmed Kathrada, Elias Motsoaledi, Andrew Mlangeni na Denis Goldberg. Ilikuwa ni kushindwa, na watu walishangilia nje ya mahakama, kwa kuwa wote walikuwa wametarajia kunyongwa.

Si wote waliopata bahati hiyo. Novemba 1964 Vuyisile Mini, kiongozi wa wafanyakazi na mtunzi wa nyimbo kutoka Port Elizabeth, alinyongwa Pretoria pamoja na wenzake wawili, Wilson Khayinga na Zinakile Mkaba. Kwa Mfuko, Rivonia na Port Elizabeth zilisema jambo lile lile: palipokuwa na macho ya dunia na mawakili wa daraja la juu, shingo ziliweza kuokoka. Kazi ilikuwa kuyapeleka hayo mawili hata kwenye mahakama ya mji mdogo ambao mwandishi wa habari wa London hawezi kuutaja.

Katika miaka hiyo Mfuko ulivuka mipaka ya Uingereza. Kamati ziliundwa katika nchi nyingine, na jina likawa Mfuko wa Kimataifa wa Utetezi na Misaada kwa Kusini mwa Afrika. Malengo yake yalikuwa matatu: kuwatetea waathirika wa sheria dhalimu, kuzitunza familia zao, na kuifanya dunia isisahau. Kusini mwa Afrika hakukumaanisha Afrika Kusini peke yake. Namibia na Rhodesia zilikuwamo.

18 Machi 1966: marufuku

Tarehe 18 Machi 1966 serikali ya Pretoria iliupiga marufuku Mfuko kwa kutumia sheria ya kupambana na ukomunisti. Tangu siku hiyo kupokea senti yake ndani ya nchi kulikuwa kosa la jinai. Kamati za ndani zilifungwa, na mawakili waliokuwa wakipokea fedha waziwazi wakawa hatarini kufungwa wao wenyewe.

Pretoria iliamini imemaliza kazi. Kwa kweli ilikuwa imeufunza Mfuko kujificha, na miaka 25 iliyofuata ndiyo iliyoupa sifa.

Ili kuelewa siri yenyewe, lazima kwanza tujue utaratibu wa mawakili wa Afrika Kusini wa wakati huo. Mteja hakumwendea moja kwa moja wakili wa kusimama mbele ya jaji. Alimwendea wakili wa ofisini, ambaye aliandaa kesi, alipokea ada, na ndiye aliyemwajiri yule wa mahakamani. Kwa hiyo fedha zote zilipitia mikononi mwa wakili wa ofisini. Akibanwa na polisi, ilibidi aweze kuonyesha zimetoka wapi, na jibu lake liwe la kweli.

Mfuko ulimpa jibu la kweli. Mtu alipokamatwa, wakili wa ofisini aliyeichukua kesi alipokea barua kutoka kampuni ya mawakili ya London, yenye heshima na isiyo na historia ya siasa. Barua ilieleza kwamba mteja wao mmoja, mpenda haki, angependa kuchangia gharama ili mshtakiwa apate utetezi unaofaa. Wakili alituma ankara London. Kampuni ililipa. Kampuni hiyo nayo ilikuwa imepata fedha kutoka mfuko wa hisani wenye jina la kawaida kabisa, na mfuko huo wa hisani ulikuwa umezipata kwingine. Ilikuwa kama ndoo za maji zinazopokezwa usiku mkono kwa mkono: kila mtu anamjua aliyempa ndoo na aliyeipokea kutoka kwake, na hakuna anayekiona kisima.

Waliokiona walihesabika. Collins alijua. Phyllis Altman alijua. Huyu alikuwa mwandishi wa riwaya mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyewahi kufanya kazi katika vyama vya wafanyakazi, na ndiye aliyeendesha shughuli za kila siku kama katibu mkuu. Wa tatu alikuwa wakili wa London aliyeitwa katika maandishi ya ndani "Bwana X". Jina lake, William Frankel, halikujulikana hadharani hadi kazi ilipokwisha. Wafanyakazi wengi wa ofisi hawakujua kesi zinalipwaje, ingawa walikaa chumba cha pili.

Altman alikuwa mkali wa ankara. Kila shilingi ya ada ilipekuliwa, kila siku ya mahakamani ikahesabiwa, na wakili aliyezidisha bei alipata barua kutoka kwa "mteja mpenda haki" ikiuliza kwa adabu kwa nini. Huu haukuwa ubahili. Fedha zilikuwa za walipa kodi wa nchi nyingine, na kashfa moja ya matumizi ingeweza kufanya kile ambacho polisi wa usalama walishindwa.

Nao walijaribu. Craig Williamson, jasusi wa Pretoria, alijipenyeza katika shirika la kimataifa la ufadhili wa wanafunzi mjini Geneva akafika ngazi ya juu ya uongozi kabla hajaumbuliwa Januari 1980. Shirika lile halikupona. Njia za fedha za Mfuko wa Utetezi hakuzifikia. Mchanganuzi yeyote wa mashirika ya siri atasema bahati ilichangia. Mwandishi huyu anaona kwamba idadi ndogo ya wajuao ilichangia zaidi.

Barua zenye fedha ndani

Upande wa pili wa kazi, ule wa familia, ulitumia siri ya namna nyingine, na pengine ndio uliokuwa mzuri kuliko yote. Ofisini uliitwa Programu ya Pili. Ya Kwanza ilikuwa ya mashauri, ya Tatu ya utafiti na machapisho.

Mke wa mfungwa aliyeko Robben Island alianza siku moja kupokea barua kutoka kwa mtu asiyemjua, labda mwalimu mstaafu wa Uingereza au mama wa nyumbani wa Norway. Barua ilijitambulisha kama ya rafiki aliyesikia habari zake, na ndani yake mlikuwa na hundi. Baada ya miezi miwili ilikuja nyingine. Mwandishi wa barua hakuruhusiwa kuutaja Mfuko hata kwa fumbo, wala mpokeaji hakuambiwa. Alitakiwa tu ajibu, aseme amepokea, na kama anapenda aeleze habari za nyumbani. Rica Hodgson, mpigania uhuru aliyekimbia Afrika Kusini, aliusimamia mpango huu London kwa miaka mingi kabla hajahamia Tanzania kufanya kazi Mazimbu, Morogoro, katika chuo cha ANC kilichopewa jina la Solomon Mahlangu. Baada yake usimamizi ulishikwa na Peggy Stevenson.

Barua hizo zilipata maisha yake zenyewe. Zilizoanza kama stakabadhi ziligeuka mawasiliano ya miaka kumi na zaidi: mtoto amefaulu darasa, paa linavuja, nauli ya treni na meli ya kwenda kumwona baba kisiwani imepanda, mfungwa anaomba ada ya kusoma kwa posta. Nakala zilipelekwa ofisini, na kutokana na hizo Mfuko ulijua bei ya unga Soweto na hali ya magereza kuliko balozi nyingi zilizokuwa Pretoria. Posta ya serikali ya Makaburu ndiyo iliyozibeba.

Waliotoa

Michango ya makanisa na ya watu binafsi isingetosha kamwe. Sweden ilikuwa miongoni mwa serikali za kwanza kutoa, katikati ya miaka ya 1960, na ndiyo iliyokuja kuwa mfadhili mkubwa kuliko zote. Mwandishi Per Wästberg alikuwa mmoja wa waliousukuma mlango huo Stockholm. Norway, Denmark, Uholanzi, India na nyingine zilifuata.

New York kazi ilifanywa na E. S. Reddy, Mhindi aliyekuwa katibu wa Kamati Maalumu ya Umoja wa Mataifa dhidi ya Ubaguzi wa Rangi. Tarehe 15 Desemba 1965 Baraza Kuu liliunda Mfuko wa Amana wa Umoja wa Mataifa kwa Afrika Kusini, na sehemu kubwa ya fedha zake ilipelekwa London kwa kazi hii. Kwa serikali iliyoogopa kuonekana inaingilia mambo ya nchi nyingine, kumlipia mtu wakili lilikuwa jambo jepesi kutetea bungeni: Mfuko haukununua risasi hata moja. Jumla ya fedha zilizoingizwa Afrika Kusini kwa njia hizi hadi mwaka 1991 inakadiriwa kuwa pauni milioni 100.

1967–1977: kutoka Namibia hadi Port Elizabeth

Sheria ya Ugaidi ya mwaka 1967 ilitungwa na kurudishwa nyuma hadi mwaka 1962 ili iwanase Wanamibia 37, akiwemo Andimba Toivo ya Toivo wa chama cha ukombozi cha SWAPO, waliokuwa tayari mikononi mwa polisi. Walisafirishwa hadi Pretoria kushtakiwa katika nchi isiyo yao kwa sheria ambayo haikuwapo walipotenda. Wakili Joel Carlson aliiandaa kesi kwa fedha za Mfuko. Wengi walipata vifungo vya maisha, Toivo akapata miaka 20. Hakuna aliyehukumiwa kifo.

Kisha ikaja kesi iliyoushtaki Mfuko wenyewe bila kuufikia. Januari 1971 polisi walimkamata Gonville ffrench-Beytagh, Mkuu wa Kanisa Kuu la Kianglikana la Johannesburg, wakidai amegawa kwa familia za wafungwa fedha zilizotoka Defence and Aid. Novemba mwaka huo alihukumiwa miaka mitano. Sydney Kentridge alimtetea, na Aprili 1972 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu. Kesi ile ilionyesha jinsi Pretoria ilivyoogopa noti za pauni chache mikononi mwa wajane. Ilionyesha pia kwamba hata kasisi Mzungu mwenye cheo hakuwa salama, achilia mbali mwanamke wa vitongoji vya Waafrika kama Langa au New Brighton aliyepokea hundi.

Mwanaharakati Steve Biko alifariki kizuizini tarehe 12 Septemba 1977. Kentridge, akiandaliwa na wakili Shun Chetty, aliiwakilisha familia katika uchunguzi wa kifo chake. Hakimu hakumwona yeyote kuwa na hatia. Lakini kwa siku kadhaa maofisa wa polisi wa usalama walilazimika kujibu maswali hadharani: alifungwa minyororo vipi, kwa nini alisafirishwa uchi nyuma ya gari usiku kucha kutoka Port Elizabeth hadi Pretoria, daktari aliona nini na aliandika nini. Kumbukumbu za mahakama zilibaki. Hapa ndipo inapoonekana thamani ya kazi ambayo kwa hesabu za kawaida ni kushindwa tupu. Wakili aliyelipwa vizuri alikuwa na muda wa kuuliza swali la hamsini, na jibu lake likaandikwa.

Masasi, kisha Essex Road

Kanoni Collins alifariki tarehe 31 Desemba 1982, baada ya kuuongoza Mfuko robo karne. Mrithi wake katika kiti cha mwenyekiti, mwaka 1983, alikuwa Askofu Mkuu Trevor Huddleston.

Wasomaji wa kusini mwa Tanzania hawahitaji kutambulishwa. Huddleston, aliyewahi kuwa paroko wa Sophiatown, Johannesburg, kabla ya kurudi Uingereza mwaka 1956, alikuwa Askofu wa Masasi tangu mwaka 1960 hadi 1968, miaka ambayo Tanganyika ilipata uhuru na wakimbizi wa Msumbiji wakaanza kuvuka Ruvuma. Kabla ya hapo, tarehe 26 Juni 1959, alisimama jukwaa moja na Julius Nyerere katika ukumbi wa Holborn, London, kuzindua ususiaji wa bidhaa za Afrika Kusini. Kutoka mkutano ule lilizaliwa vuguvugu la Uingereza la kupinga ubaguzi wa rangi. Nyerere naye alikuwa ametoka kusimama kizimbani Dar es Salaam mwaka 1958, akitetewa na D. N. Pritt, wakili wa London aliyewahi kuongoza utetezi wa Jomo Kenyatta na wenzake Kapenguria. Kwa watu wa kizazi hicho, wakili anayevuka bahari hakuwa jambo geni.

Chini ya Huddleston mkurugenzi alikuwa Horst Kleinschmidt, aliyekuwa uhamishoni baada ya kufanya kazi na Taasisi ya Kikristo ya Afrika Kusini. Ofisi zilikuwa Canon Collins House, namba 64 Essex Road, London. Programu ya Tatu ilikua sana: jarida la *Focus*, lililoanza mwaka 1975, liliorodhesha kesi, vizuizi na vifo kwa lugha kavu isiyo na hamaki, na mwaka 1978 Mfuko ulikuwa umechapisha hotuba na maandishi ya Mandela katika kitabu *The Struggle Is My Life*. Picha zake zilitumiwa na magazeti duniani kote.

Ndani ya Afrika Kusini miaka ya 1980 ilikuwa ya mafuriko ya kesi. Mwaka 1987 pekee watu 164 walinyongwa nchini, wengi mno kati yao Waafrika. Mawakili nao waliwindwa: Griffiths Mxenge wa Durban aliuawa Novemba 1981, na mkewe Victoria, naye wakili, Agosti 1985, akiwa katika timu ya utetezi wa kesi ya uhaini ya Pietermaritzburg. Kesi ya uhaini ya Delmas, iliyoanza mwaka 1985 dhidi ya watu 22, ilichukua zaidi ya miaka mitatu, na Bizos na Chaskalson walikuwa tena upande wa utetezi. Waliotiwa hatiani waliachiwa na Mahakama ya Rufaa tarehe 15 Desemba 1989.

Malalamiko yalikuwapo, na kitabu cha kumbukumbu kinachoyaficha hakina maana. PAC ilidai mara kwa mara kwamba ANC inapendelewa, ingawa sera ya Mfuko ilikuwa kumtetea mshtakiwa bila kuuliza kadi yake. Swali la ndani zaidi lilikuwa hili: je, kumpeleka wakili bora mbele ya jaji wa ubaguzi hakuipi mahakama hiyo heshima isiyostahili? Baadhi ya washtakiwa walikataa kuitambua mahakama kabisa. Mfuko haukuwahi kulijibu swali hilo kwa nadharia. Uliacha uamuzi kwa aliyekuwa kizimbani, maana shingo ilikuwa yake.

Hatua kuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1946 | Kanoni Collins aanzisha Christian Action |
| 1952 | Kampeni ya Ukaidi. Michango ya kwanza kwa familia |
| 5 Desemba 1956 | Kukamatwa kwa washtakiwa wa uhaini; London yaahidi kulipia utetezi |
| 29 Machi 1961 | Washtakiwa 30 wa mwisho waachiwa |
| 12 Juni 1964 | Hukumu ya Rivonia |
| 15 Desemba 1965 | Mfuko wa Amana wa Umoja wa Mataifa waundwa |
| 18 Machi 1966 | Marufuku Afrika Kusini. Njia za siri zaanza |
| 1967–1968 | Kesi ya Wanamibia 37 |
| Aprili 1972 | Rufaa ya Mkuu ffrench-Beytagh yashinda |
| 1975 | *Focus* laanza kuchapishwa |
| 1977 | Uchunguzi wa kifo cha Steve Biko |
| 31 Desemba 1982 | Kifo cha Kanoni Collins |
| 1983 | Huddleston mwenyekiti, Kleinschmidt mkurugenzi |
| 15 Desemba 1989 | Rufaa ya Delmas |
| 1991 | Mfuko wafungwa |

1990–1995: kufunga hesabu

Tarehe 2 Februari 1990 marufuku dhidi ya ANC, PAC na vyama vingine iliondolewa. Mashirika mengi yaliyozaliwa kwa ajili ya mapambano huona taabu kufa. Mfuko huu ulikufa kwa hiari na kwa utaratibu. Mwaka 1991 ofisi ya Essex Road ilifungwa na kazi ikakabidhiwa kwa taasisi za ndani ya Afrika Kusini. Maandishi, filamu na mkusanyiko mkubwa wa picha vilisafirishwa hadi Chuo Kikuu cha Western Cape, ambako sasa vimo katika hifadhi ya Mayibuye, inayoshirikiana na makumbusho ya Robben Island. Mfuko wa elimu wenye jina la Collins, ulioanzishwa mwaka 1981, uliendelea kuwasomesha vijana wa kusini mwa Afrika.

Februari 1995 Mahakama mpya ya Katiba ilikaa Johannesburg kusikiliza shauri lake la kwanza, S dhidi ya Makwanyane, lililouliza kama serikali ya kidemokrasia inaweza kuendelea kunyonga. Rais wa mahakama alikuwa Arthur Chaskalson. Sydney Kentridge alikaa kitini kama jaji wa muda. George Bizos alisimama kwa niaba ya serikali, na hoja yake ilikuwa kwamba adhabu ya kifo haipatani na Katiba. Tarehe 6 Juni mahakama ilitoa uamuzi kwa kauli moja, na adhabu ya kifo ikafutwa.